Kiti cha bustanini huanza kuoza miguuni

Benchi lenyewe lilikuwa na miaka miwili na miezi kidogo. Mninga mtupu, vanishi inang'aa mpaka unajiona sura, nimeliweka chini ya mwembe nyuma ya nyumba, hapa Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari hufika jioni. Sikukuu ya Idi baba mkwe akaja, akakaa, akapokea kikombe chake cha kahawa, kisha upande wake wa kushoto ukaanza kushuka taratibu kama mtu anayeinama kuokota kitu. Kahawa ikaishia kwenye kanzu. Mzee wa watu alicheka tu, akasema, "Mwanangu, benchi lako limepiga goti."

Wageni walipoondoka nililigeuza miguu juu. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilibonyeza kidole kikazama. Lakini kwenye kalio na mgongo wa benchi vanishi ilikuwa bado inameremeta, haina hata mkwaruzo. Fundi aliyelitengeneza alilaumu mvua. Jirani akalaumu jua. Shangazi yangu, ambaye hulaumu mchwa kwa kila kitu, alilaumu mchwa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na vipande hivyo ndivyo vinavyowachanganya watu, kwa sababu maji, jua, kuvu na wadudu kila kimoja hushambulia ubao kwa njia yake, na dawa ya kimoja mara nyingine humfungulia mlango mwingine.

Tuanze na maji. Mti ukiwa hai una kazi ya kupandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye majani, na mirija iliyofanya kazi hiyo bado imo ndani ya mguu wa kiti chako. Imelala kwa urefu wa mguu, na midomo yake iko wazi pale msumeno ulipokata kwa kukingama. Kwa hiyo ubao hunywa maji kwa ncha zake haraka mara nyingi kuliko unavyonywa kwa ubavu. Sasa tazama kiti kimesimama vipi: ncha za miguu yote minne zimekanyaga udongo, nyasi au sakafu yenye maji. Tunapaka vanishi ubavuni, ambako maji hayana hamu napo sana, tunaacha midomo wazi kule chini kwa sababu hakuna anayeangalia kule chini.

Kinachoozesha ni kuvu, na kuvu anataka ubao wenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wa ubao mkavu. Chini ya hapo anadumaa. Watu wa pwani hudhani hewa yetu nzito yenyewe inatosha kuozesha fanicha, lakini sivyo. Ubao uliokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, joto letu hili la kawaida, hutulia kwenye unyevu wa asilimia 16 hivi. Ndiyo maana kiti cha barazani, kilicho chini ya paa, kinaweza kurithiwa na wajukuu katika mji uleule ambao benchi la uani halimalizi miaka mitatu. Hata mvua yenyewe si tatizo kubwa ikiwa inanyesha, inatiririka, na upepo unapita kukausha. Tatizo ni maji yanayopata mahali pa kulala: chini ya mguu, ndani ya tundu ambalo ulimi wa mbao umeingia, kwenye kishimo cha skrubu, kati ya mbao mbili za kalio zilizobanwa pamoja bila nafasi, na kwenye mkono wa kiti uliochongwa kishimo kidogo cha urembo. Weka kidole kwenye sehemu hizo saa sita mchana, siku moja baada ya mvua, utaona kiti chote kimekauka ila hapo.

Jua nalo lina ubaya wake, ila si ule unaodhaniwa. Mionzi ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za ubao. Gundi ikivunjika, mvua huiosha, zinabaki nyuzi zilizopauka, na ubao unageuka kijivu. Ndani ya miezi michache mninga mwekundu unaweza kufanana na nguzo ya zamani ya ua. Watu huona kijivu wakadhani kiti kimeoza. Hapana. Uharibifu huo uko juujuu tu: mbao laini za jamii ya msonobari zikiachwa juani na mvuani bila kupakwa chochote huliwa kwa wastani wa milimita 6 hivi kwa miaka 100, na mbao ngumu huliwa polepole zaidi. Kijivu hakijamwangusha baba mkwe wa mtu. Kama rangi hiyo haikukeri, unaweza kuiacha, na mimi binafsi siku hizi naipenda.

Hapa ndipo vanishi inapoingia, na hapa ndipo nilipokosea. Vanishi ya kung'aa ya ndani ya nyumba ni ngozi ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Mwanga unapita, unafika kwenye ubao, unavunja lignini chini ya ngozi ile. Vanishi inabaki imeng'ang'ania tabaka la nyuzi ambazo zenyewe hazijashikwa na kitu, na siku moja inaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Wakati huohuo ubao unatanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Kwa urefu hausogei karibu kabisa, lakini kwa upana husogea vya kutosha kupasua kitu kigumu kilichopakwa juu yake. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Maji yanaingia kwa ufa, yanaenea chini ya vanishi, halafu yakitaka kutoka yanakuta mlango ni uleule mwembamba. Benchi langu lilikuwa limevaa koti la mvua lenye tundu: maji yakinywewa kutoka miguuni, koti likiyazuia yasikauke.

Rangi ya kawaida ya kuziba ubao haina ung'avu wa kifahari wa vanishi, lakini kwa nje inailinda mbao vizuri zaidi, maana chembe za rangi huzuia mwanga usifike chini. Kiti cha bei nafuu kilichopakwa praima na mikono miwili ya rangi ya mafuta kinaweza kuishi kuliko cha mninga kilichopakwa vanishi ya sebuleni. Zipo vanishi za maboti zenye kinga ya mionzi, na ni nzuri kweli, ila zinataka mikono mingi mwanzoni na kurudiwa kabla hazijabanduka. Mtu mwenye nidhamu hiyo simjui.

Wajenzi wa majahazi hawakusubiri mtu awaeleze haya. Ukifika ufukweni Nungwi, au popote vyombo vinapopandishwa wakati wa maji kupwa, utaona mambo mawili tofauti yanafanyika kwenye chombo kimoja. Chini, sehemu inayokaa majini, hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Juu ya maji, mbao hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake hukutangulia kabla hujakiona chombo. Hakuna ngozi ngumu hapo. Sifa huingia ndani ya mbao, inaacha mbao ipumue, na ikiisha nguvu hupakwa tena juu yake bila kukwangua chochote. Tena mabaharia wanajua jambo ambalo sisi wa bustanini hatulifikirii: chombo cha mbao huozeshwa zaidi na maji ya mvua yaliyotuama kwenye sitaha na pembe zake kuliko maji ya chumvi, kwa sababu chumvi humsumbua kuvu.

Sikushauri upake benchi sifa, wageni hawatarudi. Lakini mantiki yake ndiyo ninayoifuata: kitu kinachoingia ndani badala ya kukaa juu, na kinachorudiwa kwa urahisi. Kinachofaa ni mafuta yanayokauka. Mafuta ya kitani, ambayo kwenye maduka ya vifaa huitwa linsidi, hushika oksijeni ya hewa yakagandana ndani ya mbao. Nunua yale yaliyoandikwa yamechemshwa, maana yana dawa ya kuharakisha kukauka. Mabichi yatakaa siku nyingi yananata. Yale makopo yanayoitwa mafuta ya tiki hayajakamuliwa kutoka mti wowote wa tiki, kwa kawaida ni mafuta ya aina hii yaliyochanganywa na tapentaini au kiyeyushi kingine. Yanafaa, ila jina lisikutoze pesa. Kasoro ya linsidi peke yake ni kwamba kwenye joto na unyevu wetu ukungu mweusi huipenda, hivyo ukipata mafuta ya mbao za nje yenye dawa ya ukungu na rangi kidogo ya kahawia ndani yake, chukua hayo. Ile rangi ndiyo inayofanya kazi ya mwavuli.

Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Nimeona mtu akiyapaka kwenye viti vya bustani kwa sababu meza yake ya ndani ilipendeza nayo. Wiki mbili baadaye viti vilikuwa vimekusanya vumbi, mchanga na sisimizi.

Na oili chafu? Hii ndiyo dawa ya taifa. Karibu kila nguzo ya ua, kila boriti na kila kibanda kimepakwa oili iliyotolewa kwenye injini ya gari, na kweli mchwa huikwepa kwa muda. Lakini oili ile imebeba masalia ya metali na kemikali za mafuta yaliyoungua, nyingine zikiwa za kusababisha saratani, na haikauki. Itahamia kwenye kanzu, kwenye mapaja ya watoto waliovaa kaptula, na mvua itaishusha kwenye udongo ambako umepanda mchicha. Kwa kiti cha kukalia, hapana.

Jambo moja kuhusu linsidi nalisema polepole kwa sababu linachoma nyumba. Kitambaa ulichopakia mafuta haya, ukikikunja na kukitupa kwenye kona au ndoo ya taka, kinaweza kuwaka moto chenyewe bila kiberiti. Mafuta yakishika oksijeni hutoa joto. Kitambaa kilichokunjwa kinalifungia joto lile, linapanda saa baada ya saa mpaka kinashika. Kitandaze kimoja kimoja nje kikauke kikawa kigumu kama kadibodi, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa.

Aina ya mbao ina uzito wake pia, lakini si kwa namna wauzaji wanavyosema. Mvule, mkongo ambao Mombasa wanauita mbambakofi, na msaji, yaani tiki, ni mbao zinazojilinda zenyewe. Mninga unafuata vizuri. Msonobari, mwembe na grivilea havidumu nje visipotiwa dawa. Ila sifa hizo zote ni za moyo wa mti. Ule weupe wa nje, sehemu iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, hauna kinga katika mti wowote, hata mvule. Msaji unaovunwa ungali mchanga kwenye mashamba ya kupandwa huwa na weupe mwingi, kwa hiyo "hii ni tiki" siyo jibu kamili. Kwa mninga weupe ni wa manjano hafifu, moyo ni kahawia au mwekundu, na fundi anayetaka kuokoa mbao hupaka rangi moja juu ya yote ukashindwa kutofautisha. Kabla hujalipa, geuza kiti. Upande wa chini huwa haujapakwa vizuri, na hapo mbao husema ukweli. Nilipougeuza mguu wangu uliooza na kuukata kwa msumeno, nusu nzima ilikuwa weupe.

Mbao za msonobari zilizotiwa dawa kwa mtambo, zile za kijani kijani, hudumu nje bila shida. Nyingi hutiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Zifanyie nguzo na fremu, usizifanyie meza ya kulia chakula, na vipande vinavyobaki visiende jikoni kuwashia mkaa.

Shangazi hakuwa amekosea kabisa kuhusu wadudu. Mchwa wa ardhini hupanda kwa njia yake ya udongo, na ukiiona imepanda mguuni ivunje na ukihamishie kiti mahali pengine. Hawapendi mbao kavu iliyonyanyuliwa juu ya jiwe. Kuna wengine wanaoishi ndani ya mbao kavu, hawahitaji udongo. Dalili yao iko sakafuni. Ukikuta chini ya kiti kijilundo cha chembe kama mbegu ndogo sana, ngumu, zinazoviringika chini ya kidole, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Ukikuta unga laini kama wa muhogo unaotoka kwenye vitundu vya mviringo, huyo ni bungua, na mara nyingi utakuta vitundu vimejaa kwenye ule weupe tu. Kwa wote wawili dawa hupigwa ndani ya matundu kwa sindano. Kupaka juu ni kuwapamba.

Turudi kwenye benchi. Niliukata mguu uliooza mpaka nilipofika kwenye mbao inayolia vizuri ukiigonga, nikamwomba fundi mwingine aunge kipande cha mvule kwa mkato mrefu wa mshazari. Nilimkataza gundi nyeupe ya kawaida, maana hulainika ikilowa. Tulitumia ya kuchanganya makopo mawili, isiyoogopa maji. Skrubu za chuma cha kawaida tulizing'oa zote. Karibu na bahari hukatika kwa kutu, na kabla ya kukatika hutoa madoa meusi kama wino zinapokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Tukaweka za chuma cha pua. Hata hizo zina daraja: za daraja la 304 hupata madoa ya kahawia karibu na bahari, 316 ndizo za chumvi. Madoa meusi yaliyokuwepo yalitoka kwa asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, hivyo glavu na maji mengi ya kusuuza.

Vanishi yote tuliikwangua, kisha msasa namba 80, kisha 120, kufuata nyuzi. Tulivaa barakoa, vumbi la mvule huwasha pua na kifua vibaya. Halafu ikaja kazi niliyoifurahia kuliko zote. Tulimimina mafuta kwenye makopo manne ya nyanya, kina cha vidole viwili, tukasimamisha kila mguu ndani ya kopo lake. Jioni yalikuwa makopo ya mafuta. Asubuhi mawili yalikuwa makavu kabisa, na juu ya miguu, kiasi cha kiganja kutoka chini, mbao ilikuwa imebadilika rangi mpaka pale mafuta yalipopanda. Tuliongeza. Siku ya pili miguu ilikataa, imeshiba. Sehemu nyingine zote zilipata mikono miwili ya brashi, na kila mkono baada ya dakika 20 tulifuta mafuta yaliyobaki juu, kwa sababu yasiyoingia ndiyo yanayonata.

Kila mguu sasa unakanyaga kipande cha kigae, na kati ya mbao za kalio kuna nafasi ya kupitisha kidole kidogo. Nalipaka tena Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na nusu ya kazi hiyo ni kuangalia ncha za miguu. Nikiwa na shaka kama wakati umefika, namwaga tone la maji juu ya mkono wa benchi: likisimama kama shanga, bado, likienea na mbao ikawa nyeusi ndani ya dakika chache, naenda kutafuta brashi. Kuosha ni maji, sabuni na brashi laini. Ile pampu ya kuoshea magari huchimba sehemu laini za mbao na kuacha mifereji ya kulaza maji.

Turubai la plastiki nililokuwa nalifunika wakati wa masika nimempa jirani afunikie matofali. Chini yake benchi lilikuwa linatoka jasho usiku na kulala nalo mpaka mchana. Ukilazimika kufunika, acha pande wazi upepo upite, au lihamishie barazani, watu wawili wanatosha.

Baba mkwe alirudi Idi iliyofuata. Alikaa upande wa kulia.